Mfupa Katika Msingi wa Mama

Mwaka ule redio ilikuwa na habari zake. Kule Turkana wataalamu walikuwa wamechimbua mifupa ya kiumbe wa kale na kumpa jina jipya, refu, lililomkwaza hata msomaji wa taarifa. Mama, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua pojo, alishika neno moja tu: kwamba huyo alikuwa babu yetu sote.

Kwa hiyo fundi alipokuwa akichimba msingi wa nyumba mpya ya Mama huku Mbeere, akagonga mfupa mnene kama mchi, Mama hakuuliza ni wa nini.

"Hii ni mfupa ya mtu, cucu," fundi alimwambia, akimwita nyanya kwa lugha ya kwetu, akaweka sururu chini. "Mimi siwezi endelea."

Zamani kwetu wafu wengi hawakuzikwa. Waliachwa porini, na Mama alilelewa akijua kwamba palipolala mifupa ya mtu hapajengwi. Kanisani alikaa benchi la mbele, lakini mwiko huo hakuuacha mlangoni.

Sehemu nyingine ya shamba letu ilikuwa mwamba mtupu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imeinama, na mvua zilikuwa njiani. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia babu wa Turkana hangetembea mpaka Mbeere kuja kufia kwenye msingi wetu.

"Wewe ulikuwa wapi akitembea?" akanijibu. Kisha akasema polepole, "Basi nitafia kwa ile ya udongo."

Hapo niliogopa, maana Mama hakuwa mtu wa kubadili neno. Nikaichukua sururu mwenyewe. Fundi akasogea mbali, asije akapatwa na balaa langu. Nilichimba taratibu, nikipangusa udongo kwa kiganja. Zikatokea mbavu, kisha fuvu. Ubavuni mwa fuvu ikatokea pembe pana, iliyopinda, na upande wa pili mwenzake.

Alikuwa nyati.

Mama aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Babu gani ana pembe?" akauliza, akaanza kucheka mpaka akaketi ukingoni mwa shimo. Nami nikacheka, machozi yakanitoka. Moyo wangu ulikuwa mwepesi ajabu.

"Na wewe fundi," Mama akasema, akijifunga leso kiunoni, "unangoja nyati akupishe?"

Mvua ya kwanza ilimkuta Mama chini ya mabati ya nyumba yake mpya. Alikuwa ameizima redio ili aisikilize ikinyesha.