Neno Alilolisema Madame Edith

Nakumbuka asubuhi moja huko Jette, ughaibuni, mwanangu, ambayo mdomo wangu nusura ututenganishe.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi mkubwa niliacha shule, nikawa namtunza bibi Mwingereza, Madame Edith, ili mama yako Neema na mjomba wako wasipelekwe kwa walezi wengine. Siku hiyo afisa wa watoto alituita ofisini aamue kama naweza kuwalea. Madame Edith akaja na fimbo yake kunitolea ushahidi.

Alizungumza Kifaransa vizuri, kisha akakosa neno, akachukua la kwao, kaskazini mwa Uingereza: "Elle est canny," yaani mimi ni canny.

Neema, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alitafuta neno hilo kwenye simu chini ya meza. "Yaya, simu inasema uko mujanja."

"Mujanja wa namna gani?"

"Ule wa kudanganya bantu. Donc, ni kusema mwizi, kidogo."

Nikasimama. Miaka miwili nimemwogesha, sikugusa hata kijiko chake. "Maman, nimekuibia nini?" nilimuuliza Madame Edith kwa sauti iliyofika hadi korido.

Afisa aliacha kuandika. Akawatazama wadogo zangu. Mjomba wako alinishika sketi.

"Keti, ma fille, binti yangu," alisema Madame Edith. Akamweleza afisa, taratibu, kwamba neno hilo limetokana na kitenzi cha zamani kilichomaanisha kujua. Kwao ni sifa ya mtu mwenye akili ya maisha: anaangalia vizuri kabla ya kutenda, hadanganyiki, na mkono wake ni mpole. "Leo tu hakuangalia," akaongeza.

Afisa hakucheka. "Mademoiselle, hata nyumbani unasimama na kufoka hivi?"

Nikakaa. "Hapana. Nimeelewa vibaya. " Nikamgeukia Madame Edith. "Unisamehe, maman."

Afisa akawatazama tena wadogo zangu. Mwishowe akaandika. "Bon. Watabaki kwako miezi sita. Nitakuja kuona."

Alikuja mara nyingi, na hakutuachanisha.

Simu haikudanganya, mwanangu. Neno lile linabeba mjanja na linabeba mjuzi. Aliyelisema ndiye anayejua amemtaja yupi. Jana ulitaka kumfokea mwalimu kwa neno alilokuita. Kesho nenda umuulize kwanza: kwenu lina maana gani? Mimi sikuuliza, na mama yako nusura akulie katika nyumba ambayo siujui mlango wake.

Mungu akupe masikio yenye subira, na nduguzo wawe karibu nawe siku zako zote.