Tort ya Komunyo

Mimi ni mtu wa darasa la sita, na watu wenye diploma huja kuniomba kazi. Nalisema mapema, ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeshindwa na keki.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa patron, bosi wa mafundi wa rangi na plasta hapa Schaerbeek, Brussels, na fundi wangu bora alikuwa Mpolandi. Binti yangu alipokaribia komunyo ya kwanza, mke wa fundi huyo aliahidi kututengenezea tort: keki ya ghorofa nne, imeloweshwa chai ya limau, krimu katikati.

"Tort! Neno lenu tamu," nikamsifia.

"Si letu, patron. Wanasema lilitoka Italia. Limekaa kwetu sana, hakuna anayeliuliza makaratasi."

Nikalipenda neno lile kama ndugu.

Lakini niliyemlenga kwa keki hiyo alikuwa mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Uccle, mtaa wa wenye pesa. Tangu nioe binti yake, miaka tisa, hakuwa ametia kijiko mdomoni nyumbani kwangu. "Huyu hakusoma," ndiyo ilikuwa salamu yake. Nilitaka siku ile ale, tena mbele ya watu.

Kadi ya mwaliko ilisema saa tisa. Mkongomani yeyote anajua saa tisa ya kadi ni saa kumi na mbili ya kweli, niliiandika nikijua. Bon, yule mama Mpolandi nikampa kadi ileile bila maelezo. Saa tisa kamili akaishusha tort kwenye ukumbi niliokodi.

"Frigo, patron, sasa hivi!" akasema, akaenda zake.

Frigo? Nani angeiona imefungiwa ndani ya friji? Nikaiweka meza ya mbele, chini ya taa, anayeingia aione kabla ya kunisalimia.

Mgeni mmoja tu alifika saa tisa. Mama mkwe.

"Alors, mukwe, tunakula?"

"Bado, maman. Tungoje wengine."

Saa kumi akauliza tena. "Hata kipande kidogo?"

"Maman, kitu kama hiki hakikatwi bila watu."

Miaka tisa namngoja ale kwangu. Ananiomba, nami namkatalia!

Saa kumi na moja ghorofa ya juu ikaanza kuteleza. Mimi, mnyoosha kuta wa Schaerbeek nzima, nikakimbilia garini, nikarudi na mwiko mpya wa plasta, nikaiegemeza. Zote nne zikalala. Wageni walipoanza kuingia wakakuta uji mweupe, na patron kwa suti, mwiko mkononi.

Mama mkwe akaitazama tort, akanitazama mimi.

"Nilisema hukusoma. Kumbe hata saa hujui kusoma."

Ukumbi ukaangua kicheko, binti yangu akiwa wa kwanza kucheka. Kisha mama mkwe akavuta kiti mezani.

"Leta kijiko. Na wewe, weka huo mwiko chini, ukae."

Alikula mabakuli mawili. Mimi nilikaa kama nilivyoagizwa, labda mara ya kwanza tangu nifike Brussels.