Mabawabu wa Kooni

Muuguzi wa zahanati, ambaye watoto walimbatiza Mama Sema-Aa, hakumlazimisha mtoto kupanua kinywa. Alipiga soga mpaka kikafunguka chenyewe. Siku hiyo mjukuu mmoja alikifunga kama kufuli, maana bibi yake alitaka mafindofindo yake yakatwe.

"Yamevimba, mwanangu. Yatoe tu!" bibi akamwambia muuguzi.

"Mama, hayo ni mabawabu wa koo. Vijidudu vikija, yanapigana navyo, ndiyo maana yanavimba. Bawabu akivimba jicho kwa kupigana na wezi, utamfukuza kazi?"

"Akipigwa kila wiki, namfukuza!"

"Hapo hata daktari atakuunga mkono. Lakini huyu ndiyo mara yake ya kwanza."

"Kwa hiyo hamnikati?" mjukuu akapaza sauti, na muuguzi akawahi kummulika koo.