Bafta ya Mzee Habibu

Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ukiwa umepamba moto, tulimzika bibi yangu katika shuka la kitanda. Lilikuwa safi, na sheikh alisema kwa dini linatosha. Lakini lilikuwa na maua ya kudarizi, na mama aliketi akiyafumua kwa ncha ya wembe huku waosha maiti wakisubiri. Maua yalitoka. Matundu ya sindano yalibaki.

Sanda ya bibi ilipaswa kutoka duka la Mzee Habibu, pale mtaani Usagara. Wazee wake walitoka Kachi, Bara Hindi, yeye alizaliwa Tanga, na duka lake lilinuka karafuu maiti na karatasi za magazeti aliyofungia chumvi. Miaka ile nguo ilikuwa adimu, hata kitambaa cha kushonea sare kilitafutwa kwa wiki nzima. Mzee Habibu alikuwa na majora mawili ya bafta, kitambaa cheupe cha sanda, nyuma ya magunia, na hakumuuzia bwana harusi wala mkubwa yeyote. Ilikuwa ya maiti tu. Aliyefiwa alikuja bila kikapu, akasimama mlangoni asiseme kitu. Mzee aliingia ndani, ukasikika mkasi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na kila siku baada ya alasiri niliwasomea watu gazeti kwenye baraza ya duka hilo, kwa kuwa macho ya wengi yalikuwa yamechoka. Gazeti lilikuja na basi la Dar es Salaam, tayari ni la jana.

"Polepole, bi mwalimu," Mzee Habibu alikuwa akiniambia. "Habari ya jana haikimbii."

"Haikimbii, lakini huyu ameruka mstari mzima," fundi viatu, jirani yake, alimjibu siku moja, na kweli nilikuwa nimeuruka.

Tuliliamini gazeti lile. Bibi aliwahi kuanua nguo kambani kwa kuwa nilisoma kwamba kule Amani, milimani, mvua imenyesha, ilhali kwetu jua lilikuwa likiwaka.

Msako ulipofika mjini alikuja mwandishi wa habari, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Watu wazima aliowauliza habari za wenye maduka walimjibu salamu tu. Akanikuta mimi bombani. Hakuna aliyewahi kunikataza kusema. Watoto wa mtaa ule tulijifunza kunyamaza kwa kuwatazama wakubwa, na mimi siku hiyo sikutazama. Niliona imepatikana nafasi ya wema wa mzee wetu kusomwa nchi nzima. Nikamwambia Mzee Habibu ni mtu mwema sana, anatuwekea bafta nyuma ya magunia ili tukifiwa tusihangaike. Aliandika. Akaniuliza mara mbili ni magunia gani. Akanishukuru.

Kesho yake duka lilipekuliwa, bafta ikachukuliwa, na Mzee Habibu akachukuliwa pamoja nayo. Gazeti lilipofika tulikaa kwenye baraza ileile, mlango umefungwa nyuma yetu, nikasoma kwamba mfanyabiashara wa Usagara amekutwa ameficha majora ya bafta nyuma ya magunia ya chumvi wakati wananchi wanakosa nguo. Nikalishusha gazeti.

"Endelea," fundi viatu alisema.

"Imekwisha."

"Haiwezi kuwa imekwisha. Sanda iko wapi?"

Nililigeuza gazeti, nikatazama hata ukurasa wa michezo. Bibi alikuwa amesimama na ndoo yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe huandika nusu." Mwezi huohuo akafa.

Mzee Habibu alirudi baada ya miezi mingi, hakukutwa na hatia. Nilisoma gazeti kila siku nikitafuta mstari mmoja wa kusema hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga angalau angesema ni yeye. Mstari huo haukuandikwa, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi. Mimi nami sikumwambia mzee aliyesema ni nani. Kwa hiyo sina haki ya kumlaumu mwandishi peke yake.

Siku hizi meza za magazeti zimejaa, kila moja na rangi zake, na redio hazihesabiki. Tangu biashara ilipofunguliwa bafta nayo imejaa tele, inaning'inia mlangoni, mtu hahitaji kuificha. Bado nikisoma kwamba fulani amekutwa na kitu, huyatafuta maneno yaliyobaki. Mara nyingi hayapo.

Mama alipofariki nilikwenda bila kikapu kwa Mzee Habibu, ambaye sasa alikuwa amezeeka. Akainuka mwenyewe. Alipokuwa akikata, nilimwambia kuwa ni mimi niliyemweleza yule mwandishi.

Mkasi haukusimama. "Ulimwambia na ya sanda?"

"Nilimwambia yote, mzee."

Alikata mpaka mwisho, akakunja. Akanyoosha mkono kuchukua gazeti la kufungia, akaliacha. Akanipa bafta hivyohivyo, na mimi nikaibeba wazi mikononi mpaka nyumbani.