Ng'ombe Wangu wa Triplex Aliyevunjika Pembe Mbele ya Bakwe

Nikipita njia ya Gihundwe, mpaka leo kuna watoto fulani wakiniona tu wanaanza "mbuuu! mbuuu!" halafu wanakimbilia nyuma ya ua wakicheka, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu na atelier yangu, yaani karakana, ninatazama mbele kama sijasikia kitu. Nifanye nini? Aibu ni yangu, niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Afadhali niwasimulie mimi kuliko mkaisikie kwa shemeji zangu, maana wale wakianza hawamalizi, na kila mwaka ng'ombe anavunjika zaidi.

Kazi yangu ni kuchora na kukata mbao kwa mashine ya leza, hapa Kamembe, mjini Rusizi, si mbali na soko. Vibao vya milango, zawadi za ubatizo, majina ya saluni, ndiyo mambo yangu. Mashine yenyewe haina msumeno wala kisu, ni mwanga tu, mwembamba kama sindano, unapita juu ya ubao ukiunguza. Ukiupa nguvu nyingi na mwendo wa polepole, unakata mpaka upande wa pili. Ukiupa nguvu kidogo na ukapita mbio, unaacha mchoro wa kahawia, mzuri, wa kupendeza. Utamu wote uko hapo, kwenye nguvu na mwendo. (Wateja wanadhani kompyuta inajua yenyewe. Kompyuta haijui kitu. Inangoja useme upumbavu, kisha inautekeleza vizuri sana.)

Na triplex, zile mbao nyembamba za tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi, hazifanani. Moja ngumu, nyingine laini kama mkate, nyingine gundi imejaa upande mmoja tu. Ndiyo maana fundi mwenye akili, akinunua triplex mpya, anachukua kwanza kipande cha pembeni, anaunguza vimraba vidogovidogo, kila kimraba na nguvu yake, anaangalia kipi kimekatika na kipi kimechoreka, halafu ndiyo anaanza kazi. Hilo nilikuwa ninalijua. Nisiwadanganye, nililijua vizuri kabisa.

Sasa, nilikuwa nimempenda Solange, na Solange alinipenda (wakati huo alikuwa hajaniona nikiaibika). Shida ilikuwa baba yake, Papa Gaspard, mwashi wa miaka mingi, mtu wa mikono mipana, ambaye nusu ya nyumba za mtaa wao kazijenga yeye. Hakunikataa. Ila alimwambia binti yake wazi: "Huyu Fiston ni mutoto muzuri, sina mubaya naye. Lakini kazi yake iko wapi? Muntu anakaa kwa kiti, anabonyeza, moshi inatoka. Ile ni kazi ao ni mchezo? Jibu yangu nitaitoa siku ile ya gusaba, mbele ya batu." Gusaba ndiyo sherehe ya kuomba msichana, na kwa kawaida siku hiyo jibu linakuwa limeshajulikana, na bakwe, yaani wakwe wa pande zote mbili, wanakuja kula na kucheka. Langu mimi halikujulikana. Nilikosa hamu ya chakula, nikawa ninashiba chai tu.

Kwenye gusaba lazima itajwe ng'ombe. Wetu wa kweli alikuwepo, anakula majani kwa mjomba wangu kule kijijini Gashonga, lakini siku hizi mjini watu hawaburuzi ng'ombe mpaka kwenye hema, wanaleta fimbo ya kuchungia au mfano fulani. Hapo ndipo kichwa changu kikapata joto. Nikajisemea: nitatengeneza ng'ombe wa triplex kwa mashine yangu, mkubwa kama mbuzi, anasimama kwa miguu yake, pembe ndefu za kwenda juu, madoa mwilini, majina ya familia zetu mbili ubavuni. Papa Gaspard akimwona, atajua hii ni kazi.

Nikanunua triplex kwenye quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, ambalo sikuwa nimewahi kununua kwake, kwa sababu triplex yao ilikuwa nyeupe na nzuri. Mchana wa kuamkia sherehe nikaiweka kwenye mashine, Solange yuko pembeni ananitazama, na mtu akitazamwa na mchumba wake anakuwa mjinga bila kupenda.

"Fiston," akasema, "si unafanyaka kwanza kale kamajaribio kwa kipande?"

"Maman," nikamjibu, kama ninavyomwita nikijidai, nimeegemea mashine kama dereva wa lori, "miye na hii mashine tunaelewana."

Nikaweka namba za triplex niliyoizoea. Mchoro ukatoka mwepesi, kahawia ya chai yenye maziwa mengi. Nikawaza wazee wa viti vya nyuma hawataona. Nikaongeza nguvu. Nikapunguza mwendo. Nikaongeza tena kidogo (hilo "kidogo" ndilo lililoniua), na mchoro ukatoka mweusi tii, unang'aa, mpaka nikapiga mluzi. Solange akasema upande wa nyuma anaona kama alama za kuungua. Nikamwambia huo ni urembo. Akasema masizi yanashika mkononi. Nikamwambia nikifuta nitaharibu weusi. Yeye akakunja uso, akabeba mkoba wake akaenda kusukwa nywele.

Siku yenyewe ikafika, hema limesimama nje ya nyumba yao, jua la Rusizi limepanda, upande huu sisi, upande ule wao. Kwa desturi bwana harusi mtarajiwa hasemi neno, anasemewa. Msemaji wetu alikuwa Tonton Deo, mdogo wake baba yangu, mtu wa maneno laini. Msemaji wao alikuwa Mzee Anastase, kaka yake Papa Gaspard, ambaye ulimi wake ungeweza kumnyoa mtu bila maji.

Mzee Anastase akaanza kwa kujifanya hatujui: "Bageni betu, tunaona mumevaa bizuri. Mulipotea njia? Kanisa iko kule chini." Watu wakacheka. Tonton Deo akajibu kwamba hatukupotea, tumefuata harufu ya wema wa nyumba hii, na kadhalika, na kadhalika, mpaka tukafika kwenye ng'ombe. Vijana wetu wawili wakamleta, wamemfunika kitambaa. Kikaondolewa. Hema zima likasema "Yeeee!" na makofi yakalia, na mimi nikainua kidevu. Laiti ningekufa dakika ile, ningekufa mtu mwenye heshima.

Desturi inataka upande wa msichana umtume mtu kukagua ng'ombe kama ana afya. Kwa kawaida anatumwa mzee yeyote wa kuchekesha. Papa Gaspard akainuka mwenyewe.

"Hapana, bakae. Hii ya kompyuta nitaitazama miye."

Akaja polepole, shuka nyeupe ya sherehe begani. Mtu wetu wa kusifu ng'ombe, tuliyemwita makusudi, akaanza kumsifu kwa Kinyarwanda kizuri cha zamani, mkono mmoja hewani, kwamba huyu ni ng'ombe wa koo bora, mwendo wake ni wa bibi harusi, na maziwa yake hayajui kiangazi. Papa Gaspard akapapasa mgongo. Akapapasa madoa. Jua lilikuwa kali, akajifuta jasho kwa kiganja. Mstari mweusi ukabaki kwenye paji la uso kutoka sikio mpaka sikio. Mke wake akaona, akaja mbio na kitambaa kumfuta, akamshika mkono wenye masizi, kisha mwenyewe akajishika shavu kwa aibu, basi wakawa wawili. Viti vya mbele watu wakaanza kuinama. Mimi nikadhani wanaomba.

Msifu ng'ombe, aliyekuwa amefumba macho kwa utamu wa maneno yake, akapaza sauti: pembe zake zinapasua mawingu! Papa Gaspard akashika pembe. Ile michoro niliyoitia nguvu kwa ajili ya wazee wa nyuma, hata kwenye shina la pembe na shingoni, kumbe ilikuwa imeshapita tabaka mbili, imebaki ganda la mwisho tu, jembamba kama ganda la kitunguu. Pembe ikasema "kwa!" na ikabaki mkononi mwake.

Yule msifu, Mungu ambariki, hata hakusita: na moja ameitanguliza, imsalimie mkwe!

Hapo hema likapasuka kwa kicheko. Papa Gaspard, mtu mwenye adabu, akajaribu kuirudisha. Akaisukuma pembe mahali pake, na doa la shingoni likatoka, likaanguka chini kama sarafu. Kisha la tumboni. Kisha lile kubwa la ubavuni pamoja na majina ya familia zote mbili, na bibi mmoja wa upande wao akachungulia kupitia tundu akasema: "Ee! Miye ninaona mupaka bakwe ba ng'ambo! Batu, jambo!" Na upande wetu kuna mtu (simtaji, ni shangazi yangu) akampungia mkono. Ndipo kichwa cha ng'ombe kikainama taratibu, kwa heshima, kikaanguka juu ya kiatu cha Papa Gaspard.

Tonton Deo akasimama, jasho linamtoka. "Bakwe betu, musishangae. Ng'ombe alichoka na safari ya Gashonga."

"Alichoka mupaka kichwa?" Mzee Anastase akauliza. Akaokota doa moja lililoanguka, akalinusa, akalionyesha kwa watu. "Siye tulingoja ng'ombe. Bageni bametuletea brochette, mushikaki, tena imekwisha iva!"

Jamani, watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikaanguka. Mpiga picha alikaa chini kabisa. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ndiye niliyekuwa ninamtazama. Papa Gaspard alikuwa amesimama na pembe mkononi, mstari mweusi usoni, ananitazama mimi. Taratibu kicheko kikafa. Nilijua anachowaza: nilisema mimi, ni mchezo. Nikaona Solange ananiponyoka, kwa sababu ya kipande kimoja cha pembeni ambacho sikutaka kukiunguza.

"Fiston. Hii ulifanya weye mwenyewe?"

Tonton Deo akanivuta koti: "Nyamaza, nitajibu miye." Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama, jambo ambalo halifanyiki, na upande wao nikasikia wamama wanashangaa.

"Ndiyo, Papa. Ni miye."

"Juu ya nini imevunjika?"

Ningeweza kusema triplex ilikuwa mbaya. Ningeweza kumsingizia hata umeme. Lakini nilikuwa nimechoka na huo uongo kabla sijausema. "Nilitia nguvu kupita, Papa. Nilitaka ionekane kwa bote. Na sikujaribisha kwanza kwa kipande. Solange aliniambia nijaribishe, nikajifanya ninajua."

"Aksanti!" sauti ikatoka dirishani, ndani ya nyumba, alikofichwa Solange akingoja kuitwa. Hema likapasuka tena kwa kicheko.

Na safari hii Papa Gaspard akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha akalazimika kumshika ng'ombe ili asianguke, na ng'ombe naye akavunjika mguu. Alipopata pumzi akageukia watu wake.

"Niwaambie kintu. Ukuta yangu ya kwanza kabisa, nikiwa kijana, nilijengea padiri zizi ya mbuzi. Timazi sikuweka. Nilisema jicho yangu inatosha. Padiri akakuja kubariki. Alipomwagia maji tu, ukuta ikalala. Mbuzi bakaingia kanisani, batu bako banaimba. Nilikimbia, nikajificha kwa shamba ya mihogo, na haikusaidia, balinicheka mupaka nikaoa." Akanigeukia mimi. "Miye nilikuwa nawaza unafanya mchezo. Lakini mchezo haiaibishi muntu namna hii. Hii ni kazi."

Nikainamisha kichwa kwa heshima, kama ng'ombe wangu.

"Binti nimetoa," akasema. "Ng'ombe ya Gashonga tutaenda kuitazama na macho. Na hii ya mbao utaifanya upya, utaileta hapa, na miye nitaivuta pembe mbele ya batu."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilivuka ziwa lililo chini ya mji wetu. Solange akatoka, mzuri mpaka nikasahau jina langu, na jambo la kwanza alilofanya ni kunionyesha kiganja chake kisafi, kisicho na masizi, kisha akagusa mabaki ya ng'ombe, akanipaka masizi puani. Picha hiyo iko sebuleni kwetu. Wageni wote wanaiuliza.

Ng'ombe wa pili nilimtengeneza kwa adabu. Niliunguza vimraba vya majaribio mpaka kile kipande kikaisha, nikatafuta kingine. Nguvu ndogo kwa madoa, mwendo wa mbio, kisha nikageuza ubao na kuangalia nyuma, kisha nikafuta masizi kwa kitambaa chenye maji. Tangu hapo nimeapa, na kiapo hiki sikivunji hata mteja akisimama mlangoni akinitukana kwa lugha zote za Rusizi: triplex haitaingia kwenye mashine yangu kabla sijaiuliza kwanza ni ya namna gani.

Nikampeleka kwa Papa Gaspard, naye alikuwa amewaita majirani. Akashika pembe kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haikutoka. Akamweka juu ya kabati karibu na televisheni, na mpaka leo, kila nikienda kumsalimia, kabla hajanipa kiti anakwenda kwanza kabatini, anaivuta pembe, halafu ndipo anasema, "Kaa, mutoto wangu."