Gemu Iliyoachwa Ikiwaka

Mama aliinunua mashine ile Houston, kwa watu waliokuwa wakihama na kutandaza vyombo vyao mbele ya nyumba ili wapita njia wachague. Aliona kisanduku cha kijivu chenye tundu juu yake, na mfuko wa kaseti nene, akadhani ni deki ya video. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi Tanzania na kanda moja ya kwaya aliyoifunga ndani ya kitenge, na tangu tufike Marekani hakuwa amepata pa kuichezesha. Alijaribu kuisukuma ndani ya tundu lile, haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo hata shule hakuwa ameanza, ndiye aliyechukua kaseti mojawapo ya mfukoni akaichomeka, na kwenye televisheni yakaanza kushuka matofali ya rangi.

"Kwaya iko wapi?" mama aliuliza.

Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Hakuirudisha. Alisema watoto wakicheza ndani, angalau anajua hawako barabarani.

Mama alifia hukohuko Houston, kwa ugonjwa wa figo. Baba alikuwa amebaki Fizi, kwetu Kongo, katika kaburi ambalo hatukuwahi kuonyeshwa. Mimi niliacha shule mapema, kule kambini, mama alipoanza kuugua, kwa hiyo kuwalea wadogo zangu haikuwa kazi mpya kwangu. Kipya kilikuwa jaji. Alinihoji, akaniruhusu kuwa mlezi wao, halafu akasema kwamba ikionekana watoto hawako salama, swali hilo litafunguliwa upya. Mkalimani alilitafsiri kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Nilitoka nalo mahakamani kama nimemeza mwiba wa samaki, na likakaa hapohapo.

Tukahamia Arlington, kwa sababu watu wa kanisa letu walisema kuna kazi za ghala Fort Worth. Tulipata nyumba ghorofa ya pili. Chini yetu aliishi muuguzi Mkenya, mwanamke wa makamo, ambaye alifanya kazi usiku na kulala mchana. Mashine ya gemu ilikuja nasi.

Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya, na hivyo ndivyo wadogo zangu wanavyoniita mpaka leo. Walikuwa na mashine hiyo moja tu, ya zamani kuliko wao na kuliko mimi, lakini ukiwasikiliza ungedhani ni wazee wa baraza. Kila Jumapili baada ya ibada vijana wa kanisa walikuja kwetu, na simu zao mfukoni zenye gemu za kisasa, wakakaa chini kwenye zulia na kubishana ni ipi kati ya zile za zamani iliyo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa.

"Ya matofali," mdogo wangu wa kiume alisema. "Gemu zote ni watoto wake."

"Matofali hayana hadithi," dada yake alimjibu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mkubwa kwake kwa miaka mitatu. "Unapanga, unapanga, unakufa. Hiyo si gemu, hiyo ni kazi ya yaya ya ghala."

"Angalau mimi siuawi na popo mmoja yuleyule kila siku."

"Popo huyo wewe hujawahi hata kumfikia."

Mimi sikuzipenda. Siku moja walinipa pedi ya vitufe nicheze ile ambayo viumbe wa angani wanashuka kwa safu, na kadiri wanavyokaribia ndivyo mdundo wake unavyoharakisha, du, du, du, mpaka huwezi kuutofautisha na moyo wako mwenyewe. Niliwaua wote. Wakaja wengine, wepesi zaidi. Nikauliza mwisho wake ni nini, mtu anashindaje.

"Hakuna kushinda, yaya," mdogo wangu wa kiume aliniambia. "Wanakuja tu. Wewe unakaa kadiri unavyoweza."

Nilimrudishia pedi. Nikamwambia naenda kuangalia maharage.

Dada yake alipenda gemu nyingine, ya msafiri aliyepotea ndani ya mapango. Alikuwa na taa ndogo inayopungua mafuta, na ndani ya giza kulikuwa na popo, maji, na milango mingi inayofanana. Gemu hiyo haikuwa na namna ya kuhifadhi ulipofika. Ukizima umeme, kesho unaanza tena kwenye mlango wa kwanza. Nilimwona mara nyingi akiwa ameingia mbali sana, midomo imekauka, nami nasimama na funguo za gari mkononi nikisema, "Zima, tunaondoka." Alizima. Sikujua alichokuwa anakipoteza.

Kila nilipotoka nilichomoa kila kitu ukutani. Ni tabia ya kambini. Nimeona safu ya vibanda ikiungua kwa sababu ya mshumaa mmoja. Na kabla ya kutoka niliwakumbusha sheria ya mama. Mama aliitoa Fizi, na Fizi ilimfaa. Mtu akigonga mlango kwa nguvu, nyamaza. Zima kila chenye mwanga. Ingia mahali pa ndani kabisa, jifunike, usikohoe. Na hata ukisikia sauti ya mtu unayempenda inakuita, usitoke, kwa sababu huenda aliyemshika ndiye anayemlazimisha kuita. Subiri mpaka mama mwenyewe akuguse. Mimi nimelala chini ya majani namna hiyo, na nikaguswa, na ndiyo maana niko hapa. Wadogo zangu hawakuyaona hayo, lakini walifundishwa kama tulivyofundishwa sala.

Ilikuwa majira ya joto, shule zimefungwa. Mimi nilikuwa zamu ya mchana. Ghalani kwetu simu hukaa kwenye kabati mpaka wakati wa mapumziko. Nilipofungua kabati, simu ilikuwa inatetemeka juu ya chuma, na jina la muuguzi lilikuwa limejipanga kwenye kioo kutoka juu mpaka chini.

"Uko wapi wewe?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya usingizi uliokatwa. "Moshi unatoka kwa dirisha lenu. Nimewaita watu wa kuzima moto, sasa ndio wamefika. Wanagonga na hakuna mtu anajibu. Ulitoka na watoto?"

"Wamo ndani."

"Haiwezekani. Wamegonga karibu wavunje ukuta. Mimi mwenyewe nimegonga mpaka mkono unauma."

"Dada," nikamwambia, "ndiyo maana hawajibu."

Nikamsikia mwanaume akiuliza kwa Kiingereza kama nyumba ni tupu. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kutembea kuelekea mlangoni bila kumuaga msimamizi. Niliomba aiweke simu kwenye mlango, sauti ya juu. Nikaita majina yao. Niliita kwa Kiswahili, halafu kwa Kibembe, lugha ambayo kati ya watu wote wa jengo lile ni sisi tu tunaoijua. Niliwaambia ni mimi, watoke, hakuna ubaya. Watu walikuwa wakipita na mikokoteni ya maboksi wakinitazama. Nilinyamaza nisikie. Hakuna kilichosogea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kadiri ninavyowaita kwa kilio ndivyo wanavyozidi kujificha. Nilikuwa nikisikika sawasawa na mtu aliyeshikwa.

"Waambie wavunje," nilisema. "Wasiwaite. Wakiwaita hawatatoka. Waende chumba cha nyuma, kwenye kabati la nguo lililo ukutani, chini kabisa. Kuna mablanketi. Wako chini ya mablanketi. Hawatalia, dada. Waambie wasitegemee kusikia kilio."

Nilimsikia akilisema hilo kwa Kiingereza, mara mbili, kwa ile sauti ambayo nadhani huitumia wodini. Halafu pigo la chuma kwenye mbao. Halafu akasema, "Lazima nishuke, wanatufukuza ngazini," na simu ikakatika.

Kutoka ghalani mpaka nyumbani ni barabara kuu moja, njia nne, magari yamebanana, joto likitetemeka juu ya lami. Sikumbuki kuwasha gari. Nakumbuka lori la magodoro mbele yangu ambalo halikutaka kusogea. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilikuwa nikihesabu kwa namna ya kijinga: moshi unapanda, kabati liko chini, mablanketi ni mazito, watapata joto, yule mdogo ana kifua. Nilijaribu kuomba, nikakuta kinywani hakuna sala, kuna jaji tu na mkalimani wake. Hilo linaniogopesha mpaka leo, kwamba hata katika saa ile nilikuwa naogopa vitu viwili, kwamba wamekufa na kwamba wako hai na watachukuliwa, na vyote viwili vilikaa mahali pamoja.

Walikuwa wamekaa kwenye nyasi za maegesho. Kila mmoja alikuwa na kinyago cha hewa usoni. Mzima moto mmoja, jitu la mtu, alikuwa amepiga magoti mbele yao akiwapepea kwa kofia yake kana kwamba ni makaa. Nilimgusa kwanza mdogo wa kiume, halafu dada yake, kichwani, mabegani, mikononi. Mpaka nilipowagusa hakuna aliyekuwa amesema neno kwa mtu yeyote.

"Yaya," msichana alisema kupitia kinyago, "wameizima?"

Sikumwelewa. Mdogo wake ndiye aliyeeleza, akikohoa. Dada yake alikuwa amefika mbali ndani ya mapango, mbali kuliko mtu yeyote wanayemjua, na kwa siku kadhaa hawakuzima. Waliisimamisha gemu kwa kitufe, wakafunika mashine pamoja na adapta yake kwa blanketi nyuma ya kochi, ili nisione taa nyekundu na kuchomoa. Adapta hiyo ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Ilipasha joto blanketi, blanketi likapasha zulia. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, waliniambia. Moshi ndio uliokuwa mkubwa.

"Mlipoona moshi mbona hamkutoka?"

"Tulikuwa tunataka kutoka," mdogo wa kiume alisema. "Halafu wakagonga."

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa gauni la kulalia na kandambili za kiume. Aligeuka akatazama upande wa barabara kwa muda mrefu.

Mwanamke wa idara ya watoto alikuja siku hiyohiyo, tukiwa sebuleni kwa muuguzi. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Aliniomba nikae jikoni, akawahoji wao. Nilisikia kila kitu. Aliwauliza kama huwa wanafungiwa. Hapana. Kama huwa wanapigwa. Hapana. Kisha akauliza kwa nini hawakufungua mlango.

"Kwa sababu mama alisema," mdogo wangu wa kiume alijibu kwa Kiingereza.

"Na mama yako yuko wapi?"

"Alikufa."

Nilishika ukingo wa sinki. Niliona wazi namna jambo lile litakavyoandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hajawahi kulala chini ya majani. Muuguzi alitoka pale aliposimama, akaenda sebuleni bila kuitwa, akaketi karibu na yule mwanamke.

"Nikwambie kitu," alisema. "Hawa watoto wamelelewa vizuri kupita kiasi. Hiyo ndiyo shida yao." Aliyasema kwa Kiingereza, polepole, akaeleza Fizi ni nini, ingawa hajawahi kufika. Mwisho akasema kwamba yeye mchana yuko nyumbani, na watoto watashinda kwake. "Nitalala na mlango wazi. Wakitaka kucheza, wacheze, mradi wasinicheleweshe kazini."

Yule mwanamke hakuwachukua. Alisema angerudi, na alirudi, mara kwa mara, mpaka aliporidhika. Kabla ya kuondoka siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu nililolazimika kulifanya: wajifunze kutoka.

Ikawa kazi yetu ya jioni, tulipopata nyumba nyingine katika jengo lilelile. Nilitoka nje nikafunga mlango, nikasubiri kidogo, halafu nikagonga kwa ngumi kama mtu mwenye hasira. Mdogo wa kiume alizoea upesi. Kwake iligeuka kuwa mchezo: alikimbia, akafungua, akasema amenishinda. Dada yake alienda kabatini. Niligonga, akaenda kabatini. Nilimwambia ni mimi, na hilo ndilo lililompeleka ndani zaidi. Nilimkuta ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, macho makavu, mtiifu kabisa. Nilikaa sakafuni nje ya kabati nikamwambia kwamba mama alikuwa sahihi kule, na kwamba hapa mama hajui.

Sikupenda kuyasema maneno hayo. Hakuna kitu kingine cha mama nilichowahi kumwondolea.

Siku aliyofungua, nilikuwa nimegonga mpaka nikachoka na kuegemea ukuta. Kitasa kiligeuka. Alisimama pale, amemshika mdogo wake mkono, amevaa viatu, tayari kwenda. Hakuniuliza kama amefanya vizuri. Alinipita akashuka ngazi zote mpaka kwenye nyasi, akasimama, na mimi nikamfuata.

Sasa wanafungua. Mtu yeyote akigonga kwa nguvu, wadogo zangu wanatoka. Nami ghalani, simu ikiwa kabatini, siku nyingine mikono yangu husimama juu ya boksi nikifikiria watu wote wanaoweza kugonga mlango Marekani hii. Halafu boksi linalofuata linafika, nalipokea.