Koki ya Kufunguliwa kwa Mpini wa Ufagio

Kila mfagizi wa jengo lile alijua kwamba koki ya chumba cha kuoshea vyombo, nyuma ya mkahawa wa chini, haishikwi kwa mkono. Ilifunguliwa kwa mpini mkavu wa ufagio uliowekwa pembeni kwa kazi hiyo tu. Mgeni alirushwa na umeme, wenzake wakacheka, akajifunza.

Shangazi, kama walivyomwita wote pale, aliacha kucheka siku koki ilipomrusha mdogo wake aliyekuwa akiosha vyombo pale. Binti alikuwa na povu hadi viwikoni na mpini haukuonekana. Alianguka chali na trei nzima ya glasi. Msimamizi alikuja akatazama vigae vya glasi kwanza.

"Huyu ana kifafa," akasema. "Aende kwao akatibiwe. Bomba la maji na umeme wapi na wapi?"

Kifafa! Neno lilifika mtaani kabla ya mwenyewe. Watu wa mchumba wake, waliokuwa hawabanduki pale nyumbani, wakakata mguu. Binti akajifungia ndani.

Shangazi hakwenda shule, lakini mdomo alikuwa nao. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa msimamizi.

"Bosi, lete fundi umeme."

"Shangazi, una kelele kama redio mbovu."

"Redio mbovu ina swichi. Mimi sina."

Fundi aliletwa siku mpishi mkuu naye aliporushwa. Huyo hakuambiwa ana kifafa.

Fundi aliingia nyuma ya hita ya maji, akatoka ameshika waya wa kijani wenye mstari wa njano.

"Nani kaacha huu unaning'inia?"

Wote walimkumbuka fundi bomba aliyekuja kabla koki haijaanza kurusha watu. Alikata kipande cha bomba la chuma kilichooza kwa kutu, akaweka cha plastiki. Waya wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umefungwa kwenye kile kipande. Akauacha ukutani kama kamba ya kuanikia. Hita ilipoanza kuvujisha umeme, umeme huo haukuwa na pa kwenda. Ukakaa kwenye chuma, ukingoja mkono wenye maji.

Fundi alitengeneza hita, akaubana waya kwenye bomba la chuma, akapima, akaondoka.

"Haya, yamekwisha," msimamizi akapiga makofi. "Kazini!"

"Hayajaisha," Shangazi akasema. "Fungua koki, bosi."

Msimamizi akasogea, na mkono wake ukaenda wenyewe pembeni, ukashika mpini.



"Mpini wa nini?" Shangazi akamnyang'anya. "Umeme si ulikuwa kichwani kwa mdogo wangu? Kumbe hata wewe unaifungua kwa huo! Ulijua!"

Msimamizi akageukia mlango, Shangazi akamzibia njia.

"Toa simu. Anza kwa baba wa mchumba, nitakutajia namba. Mwambie huna udaktari. Mwambie lilikuwa bomba. Na uweke sauti juu, wote tusikie."

Alipiga. Shangazi alisimama mlangoni na mpini mkononi mpaka msimamizi alipomaliza kusema yote.